Ndimi Thelathini na Sita

Mama Zaina amefariki. Mwanawe alinipigia simu Jumanne asubuhi, akaniambia kwa sauti ya mtu ambaye ameshapiga simu nyingi siku hiyo, na nilipofika Mlola maziko yalikuwa yameshapita siku mbili. Nilijua ingekuwa hivyo, kwa kuwa Waislamu hawamcheleweshi maiti wao, lakini nilipanda mlima hata hivyo. Wanawake walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka, wanazungumza Kishambaa kwa sauti ya chini. Niliwaamkia wakubwa, wadogo wakaniamkia mimi, na mmoja wao, msichana aliyekuwa akigawa chai, akaniuliza kwa adabu: “Mama, samahani, wewe ni nani wake?” Nikatafuta jibu. Sikuwa ndugu, sikuwa jirani, hata dini yetu haikuwa moja. Nikasema, “Nilikuwa mpangaji wake. Mwaka mmoja tu.” Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai, akaenda kwa mwingine. Nikabaki na kikombe changu, nikiutazama mlango wa chumba cha nyuma, ambao sasa umepakwa rangi ya bluu.

Wanafunzi wangu huniuliza nilianzaje. Kazi ya maisha yangu imekuwa vinanda vya zamani: vile vya kukanyaga, vile vya nyuzi zinazodonolewa na ncha ya unyoya, na piano za mbao zilizotengenezwa kabla watu hawajaanza kuzitia mifupa ya chuma. Nimevipiga katika kumbi za nchi za mbali, mbele ya watu wasiokohoa mpaka wimbo uishe, na nimewafundisha vijana wengi namna ya kukaa mbele ya chombo kilichowazidi umri mara tatu. Wanapouliza nilianzaje, mimi hutaja shule, hutaja mtihani, hutaja safari. Jibu lenyewe ni mwaka ule niliolala nyuma ya mlango ule, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na sijawahi kulieleza lote, kwa sababu ndani yake kuna jambo nililoliharibu. Nilikotoka na waliokuwa wazazi wangu si habari ya sura hii. Itoshe kujua kwamba nilikuwa najua piano kidogo, kwamba usharika mmoja wa Kilutheri juu ya Mlola ulikuwa na kinanda cha zamani na mpigaji aliyezeeka, na kwamba nilitumwa kwake kwa mwaka mmoja ili nijifunze na, akiridhika, nimrithi.

Nilifika Januari. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza isiyo na droo, na dirisha dogo lililotazama shamba la kabichi lililopandwa kwa ngazi mpaka chini kabisa bondeni. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na jiko la Mama Zaina, na ukuta ule haukufika darini. Kila jioni moshi ulipita juu yake, pamoja na harufu ya makande na maneno. Mama Zaina alikuwa mjane wa miaka kama arobaini, mkulima wa karoti na kabichi, na jirani zake walipenda jiko lake kuliko majiko yao. Walicheka sana. Mimi nilikaa kitandani na sahani yangu, kwa kuwa mwanzoni niliona haya kula nao, nikasikiliza Kishambaa chao kama mtu anayesikiliza mvua: unajua ni kubwa au ndogo, hujui inasema nini. Wao walijua Kiswahili vizuri, na nilipotoka nje walinisemesha kwa Kiswahili, taratibu na kwa upole, kama anavyosemeshwa mgeni. Upole ule ndio ulionichosha. Mtu wa nyumbani hasemeshwi taratibu.

Aliyenisemesha haraka alikuwa mmoja tu, Mwalimu Yonathani. Alikuwa na miaka sabini, mrefu, mkavu, koti lake moja la kijivu amelivaa mpaka viwiko vikang’aa. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia mikono kabla hajaniangalia uso. “Unakata kucha?” akauliza. Nikasema ndiyo. “Kata tena.” Kisha akafungua kanisa.

Kwa msomaji asiyewahi kukiona chombo chenyewe, naomba nieleze kidogo. Kinanda cha kukanyaga ni kabati la mbao. Chini kuna makanyagio mawili. Ukiyakanyaga kwa zamu, mivukuto iliyo ndani inafanya kazi ya mapafu. Juu kuna vibao vyeupe na vyeusi kama vya piano. Ukibonyeza kibao, tundu linafunguka ndani, hewa inapita kwenye ulimi mwembamba wa shaba, ulimi unatetemeka, na hiyo ndiyo sauti. Kila sauti ina ulimi wake. Hakuna nyuzi, kwa hiyo hukazi wala hulegezi kama gitaa. Ukitaka sauti ipande, unakwangua shaba kidogo nchani mwa ulimi. Unakuwa mwepesi, unatetemeka upesi zaidi. Ukitaka ishuke, unakwangua karibu na shina; unalegea, unatetemeka polepole. Shika hilo moja: kwa vyovyote vile unapunguza. Hakuna mahali pa kuongeza.

Mwalimu alinionyesha haya yote siku ya pili. Alifungua mlango wa nyuma wa kabati, akavuta ulimi mmoja kwa kindoano cha waya, akauweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa mwepesi kama jani kavu. “Hili ni tumbo lake,” akasema. “Mimi nimelifungua mara chache kuliko vidole vyangu. Usilifungue bila mimi.” Nikasema, “Ndiyo, Mwalimu.” Halafu nikaomba tuanze mazoezi ya vidole, maana nilikuwa na haraka, na yeye akaurudisha ulimi mahali pake.

Palikuwa na desturi pale kanisani iliyonishangaza. Katika sikukuu kubwa lilikuja kundi la matarumbeta kutoka mtaa wa chini, wanaume wanane na kiongozi wao Amosi, seremala mwenye kifua kipana na maneno mengi. Kinanda na matarumbeta havikulia pamoja kamwe. Ubeti mmoja kilipiga kinanda, ubeti uliofuata yakapiga matarumbeta, na kati yao watu wakavuta pumzi moja. Nilipouliza kwa nini, kila mtu alinipa jibu lake. Mwinjilisti, aliyeongoza ibada za kila Jumapili, alisema ni utaratibu. Mama mmoja wa kwaya alisema ni heshima. Amosi alicheka. “Mwalimu mdogo, wake wenza hawapiki chungu kimoja! Kinanda chenu kimezeeka, kimelala chini. Sisi tuko juu.” Akaweka tarumbeta mdomoni, akatoa sauti moja, nikaenda kukibonyeza kibao changu. Kweli, kinanda kilikuwa chini kidogo, kiasi cha kuumiza meno. Sikumuuliza Mwalimu. Nilidhani nimeshapata jibu: kinanda ni kibovu, na watu wamezoea ubovu wake mpaka wakauita heshima.

Mwezi wa pili Mwalimu alianguka kutoka kwenye mti wa peasi. Jikoni kwa Mama Zaina habari ile ilipokewa kwa kicheko na masikitiko kwa pamoja. “Mzee wa miaka sabini anapanda mti kama ngedere!” alisema jirani mmoja, safari hii kwa Kiswahili, nadhani ili nami nicheke. “Anasema peasi za juu ndizo tamu.” “Sasa ameona utamu wake.” Mguu ulivunjika juu ya kifundo. Haukukaa sawa, na kwa miezi mitano hakuweza kupanda njia ya kanisani. Jumapili nilipiga mimi, nyimbo zile nilizokwisha kuzijua. Jumatatu na Alhamisi nilimfuata nyumbani. Alikuwa amechora vibao vya kinanda kwa chaki kwenye ukingo wa meza yake ya chakula, vyote, vyeupe na vyeusi, na mimi nikapiga meza. Yeye alilala kwenye benchi, mguu umewekwa juu ya gunia la mahindi, macho amefumba, anasikiliza kucha zangu zikigonga mbao. “Kidole cha nne kimechelewa,” akasema. Nikarudia. “Kimechelewa tena, sema sasa kinaona aibu.” Hakukosea hata mara moja. Leo, nikiwa na chumba cha kufundishia chenye vinanda vitatu, huwaambia wanafunzi habari ya meza ile, na wao hudhani ni mfano tu.

Nikitoka kwake, hata hivyo, nilikuwa na siku nyingine tano. Upweke wa pale haukuwa wa kukosa watu. Njia za Mlola zimejaa watu wenye mizigo ya mboga wanaosalimia kila anayepita. Ulikuwa wa kutohitajika. Nilipita nikajibiwa salamu, nikaingia chumbani, nikasikia kicheko kikianza tena nyuma ya ukuta. Nilitaka kufanya jambo moja ambalo watu wangesema, huyu ndiye aliyelifanya. Namwambia msomaji ukweli huu kwa sababu makosa ya mikono yetu mara nyingi huanzia mahali kama hapo, wala si kwenye ujinga peke yake.

Niliazima tupa ndogo kwa fundi redio wa sokoni. Nilimwita Amosi. Alikuja mchana, jua likiwa juu, kiangazi cha mwezi wa tatu ambacho hata milima yetu hukiogopa. Alisimama nje ya dirisha la sakristia, chumba kidogo cha kando ambamo mgongo wa kinanda ulifungukia, kwenye jua, kwa sababu ndani alisema panamkaba, akapiga sauti moja moja, ndefu, huku mimi ndani nikivuta ulimi, nikikwangua nchani, nikiurudisha, nikikanyaga, nikisikiliza. Tulifanya hivyo siku nyingi. “Bado,” alikuwa akiniambia kupitia dirishani. “Bado. Bado kidogo. Haya! Hapo hapo, uache!” Alifurahi kama mtoto. Sikukwangua ndimi zote. Kinanda kina ndimi sitini na moja, na nyimbo zetu hazifiki pembeni kabisa. Nilikwangua thelathini na sita za katikati, zile ambazo tenzi huishi ndani yake. Vumbi la shaba lilibaki kwenye karatasi, kidogo mno, kama chumvi iliyobaki chini ya kisahani. Nilikunja karatasi ile, nikaitupa shimoni.

Jumapili iliyofuata, mchana, milango ya kanisa ikiwa wazi na hewa imesimama kwa joto, tulipiga pamoja. Ubeti wa kwanza, kinanda na tarumbeta nane. Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Ilijaza kanisa mpaka kwenye mabati. Kwaya ilisita, kisha ikaimba kama haijawahi kuimba, na wanawake wakapiga vigelegele kabla wimbo haujaisha, jambo ambalo Walutheri wa kule hawalifanyi ovyo. Nje Amosi aliwaambia watu, “Mmewaona wake wenza? Leo wamepika!” Mwinjilisti alinishika mikono yote miwili. Jioni ile Mama Zaina aliniita jikoni. “Njoo ukae hapa, mwanangu, huko unakula na nani?” Alikuwa ameusikia muziki akiwa shambani, ng’ambo ya bonde. “Mimi si wa kanisani, lakini niliacha jembe.” Nilikula makande nikiwa nimekaa kwenye kigoda, katikati yao, goti langu limegusana na goti la mtu. Sikumbuki chakula kingine chochote cha mwaka ule kwa uwazi kama hicho.

Jumatatu nilienda kwa Mwalimu. Aliniuliza, “Jana ilikuwaje?” Nikasema, “Vizuri, Mwalimu.” Alingoja kidogo. Mimi nikaweka vidole kwenye chaki. Hakuuliza tena, na mimi, kwa miezi minne, sikusema. Kinanda kikiwa peke yake hakuna aliyeweza kujua. Sikio la mtu halikumbuki kimo cha sauti toka wiki hadi wiki, linajua tu kulinganisha. Masika yalianza, njia ikawa utelezi, na kundi la Amosi halikupanda tena mpaka Julai.

Julai kule juu ni mwezi wa ukungu. Unaamka umefunikwa, unakula umefunikwa, na siku nyingine jua halionekani kabisa. Jumapili ya sikukuu ya mavuno watu walileta viazi, maharage, mafungu ya karoti yenye majani yake. Hata Mama Zaina alituma kikapu, akasema shukrani ya mazao haina mlango mmoja. Pumzi za watu zilionekana ndani ya kanisa. Na Mwalimu Yonathani alikuja. Alikuja kwa fimbo, polepole, mara yake ya kwanza tangu Februari, na kwaya nzima ikasimama. Hakuja kwenye kinanda. Alikaa benchi la mbele, akaweka fimbo katikati ya magoti, akanitikisia kichwa kwamba nianze.

Nilianza, na Amosi akaanza. Kufikia mstari wa pili nilijua. Matarumbeta yalikuwa chini. Si kidogo. Kila sauti yangu ilikuwa na sauti nyingine chini yake, karibu mno, zikisuguana kama meno ya msumeno kwenye msumari. Amosi aliona kuna tatizo, akadhani ni nguvu zimepungua, akawaashiria wenzake wapulize zaidi; mashavu yao yakavimba, shingo zikasimama mishipa, na mambo yakawa mabaya zaidi. Kwaya ikagawanyika, nusu ikafuata kinanda, nusu ikafuata tarumbeta. Watoto wakacheka. Halafu kwaya ikanyamaza, safu kwa safu, mpaka tukabaki sisi tu, mimi na wale wanane, tukipigana mbele ya viazi. Niliondoa mikono. Tarumbeta moja ilichelewa kukoma. Mwalimu hakugeuka kunitazama. Aliinuka, akasema kwa sauti ya kawaida, “Tuimbe kwa midomo,” akaanzisha wimbo mwenyewe, na ibada ikaendelea mpaka mwisho bila kinanda.

Baada ya watu kutoka, aliingia sakristia na kufunga mlango. “Nani alifungua tumbo?”

“Mimi, Mwalimu.”

“Nipe mmoja.”

Nikavuta ulimi mmoja kwa kindoano, nikampa. Hakuutazama. Alipitisha ukucha juu yake, toka shina hadi ncha, na ukucha ulipofika nchani ukasimama. “Lini?”

“Mwezi wa tatu.”

“Mchana?”

“Mchana.”

“Amosi alisimama wapi?”

“Nje. Juani.”

Akakaa. Ndipo akanieleza, bila kupandisha sauti, jambo ambalo mpaka leo ndilo la kwanza ninalomfundisha mtu. Tarumbeta ni bomba lenye hewa, na hewa ikipata joto sauti hupanda, ikipoa sauti hushuka. Kinanda cha ndimi hakibadiliki hivyo. Jua na ukungu kwake ni karibu sawa. Kwa hiyo tarumbeta husogea mwaka mzima, juu na chini, na kinanda hukaa. Siku za baridi hukutana, siku za joto huachana. “Mwalimu wangu aliniambia, na yeye aliambiwa. Tukaona afadhali wapokezane, wimbo usiharibike msimu wowote. Hatukuwatenganisha kwa ugomvi. Wewe umekifukuza kinanda kutoka mahali pake kwenda kukutana na tarumbeta la mchana mmoja.”

“Mbona hukuniambia, Mwalimu?”

“Uliniuliza habari za vidole tu.” Akanirudishia ulimi. “Nenda nyumbani. Nitakuita.”

Hakuniita. Jumatatu ikapita, Alhamisi ikapita, wiki zikapita. Jumapili watu waliimba kwa midomo, na mimi nilikaa mwisho, karibu na mlango. Hakuna aliyenitukana. Amosi aliona haya kuliko mimi. Alinipita sokoni akiwa amebeba mbao, akasema, “Mwalimu mdogo, pole, hata mimi nilikuwemo,” akaenda zake. Jikoni sikuitwa, au labda niliitwa nisisikie, kwa kuwa nilikuwa nimerudi kitandani na sahani yangu. Mwaka wangu ulikuwa na miezi minne imebaki, na mtu pekee aliyenisemesha kama mtu wa nyumbani alikuwa amenyamaza. Ningerudi nilikotoka bila ujuzi, na kinanda kingebaki kimeharibika, na hayo mawili yangekuwa ndiyo niliyoyafanya pale. Nilifikiria kuondoka kimya kimya. Nilishafunga sanduku.

Mama Zaina aliliona lile sanduku. Alitoka kwenda bustanini. Alirudi na fungu la mnavu limefungwa kwa ganda la mgomba, akaliweka juu yake. “Mpelekee Mwalimu.”

“Alisema ataniita, mama.”

“Mguu wake mbovu, atakuitaje? Apande huku apige hodi?” Akanitazama. “Nyinyi watu wa vinanda mnangojana sana. Sisi kabichi ikioza hatungoji, tunang’oa. Nenda, mwanangu, mboga itanyauka.”

Nilimkuta kwenye benchi lake. Meza ilikuwa imefutwa chaki. Nikamwamkia, akaitikia, nikaweka mnavu mezani, nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba msamaha. Akasema yeye: “Ulikwangua ngapi?”

“Thelathini na sita.”

“Unazikumbuka?”

“Zote, Mwalimu.”

“Zinaweza kushushwa. Tutakwangua shinani. Lakini zitakuwa nyembamba pande mbili, unaelewa? Nyingine hazitakubali.” Akafikiri. “Mimi sitashika tupa. Wewe utakwangua, mimi nitasikiliza.”

Tulianza mwisho wa Agosti. Kila siku alipanda njia ile kwa fimbo, akipumzika kwenye mawe mawili yaleyale, na mimi nilitembea nyuma yake nisimpite. Ulimi mmoja ulichukua siku mbili, mwingine tatu. Nilikwangua mkwaruzo mmoja, nikarudisha, nikakanyaga, yeye akafumba macho. “Tena.” Mkwaruzo mmoja. “Tena.” Hatukuzungumza mengine. Hakuwa mkali wala mpole. Sikujua kama ananifundisha au ananiadhibu, na usiku nililala nikijiuliza. Mchana ulipofika mikono ilikuwa na kazi, ikasahau kuuliza. Nilijifunza kusikia sauti mbili zinapokaribiana: kwanza zinatetema haraka, kisha polepole, kisha kama mtu anayepumua usingizini, kisha kimya kinaingia ndani ya sauti yenyewe. Hayo ndiyo masikio ninayoyatumia hadi leo. Niliyapata kwa kurudisha kitu nilichokiharibu.

Ulimi wa thelathini na moja ulivunjika. Ilikuwa Novemba. Ulikuwa wa fa, ile fa ya katikati ambayo sopranu hupita juu yake kama watu wanavyopita darajani, na nilikuwa nimekwangua mkwaruzo mwepesi kuliko yote ya siku ile. Haukutoa hata sauti. Niliona tu ncha imebaki kwenye tupa na shina limebaki kwenye kidole. Mwalimu alinyoosha mkono. Nikampa vipande vyote viwili. Alivishika muda mrefu. Hapakuwa na ulimi mwingine wa kuweka, si Mlola, si Lushoto, na waliokitengeneza kinanda kile walikuwa wameshakufa kabla yeye hajazaliwa. “Endelea na wa thelathini na mbili,” akasema. Nikaendelea huku machozi yakidondoka kwenye shaba, na yeye akaniambia niyafute, shaba inashika kutu ya kijani.

Tulimaliza kabla ya majilio, zile wiki nne za kungojea Krismasi. Jumapili ya kwanza ya majilio nilirudishwa kwenye kinanda, na wimbo uliotangazwa ulikuwa na fa ile mara kumi na moja. Niliihesabu kwenye kitabu nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamfuata Mwalimu. “Naweza kuuhamisha,” nikamwambia, “nikaupiga kutoka sauti nyingine, tukaikwepa. Hakuna atakayejua.”

“Upige ulivyoandikwa.”

“Mwalimu, watasikia shimo.”

“Wewe ndiye utakayesikia. Upige.”

Nikakaa. Nilikanyaga, mivukuto ikajaa, nikaanza. Kinanda kilikuwa kimerudi mahali pake pa zamani. Ningelitambua hilo hata usingizini. Ilipofika fa ya kwanza nilibonyeza kibao, hewa ikapita bila kukuta kitu, na katika nafasi ile tupu nikawasikia watu. Sikuwa nimewahi kuwasikia. Mwaka mzima nilikuwa nimepiga juu yao. Walikuwa wameishika fa wenyewe, bila kutikisika, akina mama wazee kwa sauti zao kavu, mtu mmoja wa besi aliyeipanda kwa kukosea, mtoto mmoja mkali kama filimbi. Kisha vibao vilivyofuata vikalia na kuwafunika tena. Mara kumi na moja nilibonyeza, mara kumi na moja kinanda kikanyamaza, na mara zote kumi na moja wakaimba.

Watu walipotoka nilibaki nimekaa, mikono mapajani. Sikuthubutu kugeuka. Mwaka ulikuwa umebakiza wiki nne, Mwalimu alikuwa hajaniambia kama nitabaki au nitaondoka, na nilikuwa nimeamua kwamba sitamuuliza. Nilisikia fimbo yake ikija kwenye sakafu, ikasimama nyuma yangu.

“Mtu yule wa besi,” akasema, “umemjua ni nani?”

“Hapana, Mwalimu. Lakini nimemsikia.”

Aliegemeza fimbo kwenye kinanda. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kiti changu kirefu, mara yake ya kwanza tangu Februari, akinisukuma kidogo kwa bega ili nimpishe nafasi.

“Kesho ni Jumatatu, njoo mapema,” akasema. “Kabla ukungu haujaondoka.”